Farasi Wetu ni Pikipiki: Shauri kwa Mwenye Mifupa Dhaifu



Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna wanawake wengi wanaopanda farasi hata wakiisha kupita miaka 60 au 70. Baadhi yao, wakipimwa, huambiwa na daktari ya kuwa mifupa yao imepungua nguvu. Ndipo wanauliza: Je, nitapanda tena, au nimekwisha kuacha kabisa? Swali hilo laonekana kuwa mbali nasi. Hapa Butembo na Beni, ni wangapi waliopata kumgusa farasi? Mbung'o, yule nzi aletaye malale kwa watu na nagana kwa wanyama, aliwafanya farasi wasidumu katika sehemu nyingi za Kongo, wala wazee wetu hawakujifunza kuwapanda.

Lakini sisi nasi tunaye farasi wetu. Hali majani, bali hunywa mafuta. Ana magurudumu mawili, na kwa mgongo wake twaenda sokoni, shambani, hospitalini na kanisani. Ni pikipiki. Mama mzee wa Butembo apandaye pikipiki ana swali lile lile la mama wa Ulaya apandaye farasi: Mifupa yangu ikiwa dhaifu, nipande ama nisipande?

Nasikia majibu mawili mitaani. Wengine husema, "Mama mzee akae nyumbani." Wengine hawasemi neno, humpandisha tu kama gunia la mihogo, kati ya dereva na mtu mwingine, na mzigo juu ya magoti. Mimi naona majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza linamvunja polepole, la pili linamvunja kwa siku moja. Nataka kukuonyesha njia iliyo katikati, na kwa nini jamaa na kanisa wanapaswa kuishika.

MFUPA NI KITU CHENYE UHAI

Watu wengi hufikiri ya kuwa mfupa ni kama jiwe, ukiisha kukua haubadiliki tena. Si hivyo. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo za mfupa wa zamani na kujenga mpya mahali pake, kama mtu atengenezavyo nyumba ya udongo: hutoa udongo uliochakaa na kukandika mwingine. Ujanani ujenzi unashinda ubomoaji, na mpaka karibu na miaka 30 mfupa huzidi kuwa imara. Baadaye kazi hugeuka. Kwa mwanaume hugeuka polepole. Kwa mwanamke hugeuka kwa haraka wakati damu ya mwezi inapokoma, karibu na miaka 50, kwa sababu mwili hautengenezi tena kwa wingi ile homoni ya kike iliyokuwa ikizuia ubomoaji. Katika miaka michache inayofuata anaweza kupoteza sehemu 1 kwa 10 ya mfupa wake, hata zaidi.

Ukikata mfupa mzima utaona ndani yake vyumba vidogo vingi, kama sega la nyuki, na kuta zake ni imara. Katika ugonjwa huu kuta zinakuwa nyembamba, na nyingine zinakatika. Madaktari wanauita osteoporosi, maana yake mfupa wenye matundu. Kwa nje huoni kitu. Hauleti homa. Hauumi mpaka siku ya kuvunjika. Hata ile picha ya hospitali tunayoiita radio haiuonyeshi vizuri mpaka karibu theluthi ya mfupa imekwisha kupotea.

Husemwa ya kuwa huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba mfupa wa nyonga huvunjika mara nyingi zaidi kwa wanawake wa Ulaya ya kaskazini kuliko kwa wanawake wa Afrika. Lakini mara chache si kusema hakuna. Mwanamke yeyote akizeeka anapungukiwa mfupa, awe wa rangi yoyote. Tena kuna mambo yanayoharakisha kupungua huko: njaa ya muda mrefu, pombe nyingi, hata ile kasiksi ya nyumbani, tumbaku, na kukaa bila kutembea. Kuna jambo moja zaidi ninalotaka ulisikie vizuri. Wengine hununua vidonge vya dexamethasone au prednisolone bila daktari, ili wapate hamu ya kula na kunenepa. Dawa hizo ni njema kwa magonjwa fulani, lakini zikimezwa kwa miezi mingi zinakula mfupa, hata wa mtu ambaye bado si mzee. Kama umezimeza kwa muda mrefu, usiziache kwa ghafula, kwa maana hiyo nayo ni hatari. Njoo umwambie daktari, naye atakuongoza kuzipunguza.

Unaweza kuutambuaje ugonjwa usioonekana? Tazama dalili hizi. Mama aliyevunjika mkono kwa kuanguka tu kutoka kimo chake mwenyewe, bila kutupwa na kitu: mfupa wake umekwisha kusema. Mama aliyepungua kimo kwa sentimeta 4 au zaidi, ambaye kikwembe chake kilichokuwa kikifika kwenye kifundo cha mguu sasa kinagusa udongo: huenda mifupa ya mgongo wake imekwisha kubonyea. Mama ambaye mgongo umejipinda kidogo kidogo, naye hupata maumivu ya ghafula akiinua ndoo. Usiseme, "Amelogwa." Usiseme pia, "Ni uzee tu." Ni ugonjwa, una jina na sababu zake, na kuna mambo ya kufanya.

WALE WASEMAO AKAE NYUMBANI

Nawaelewa wanaosema hivyo. Wanampenda mama yao, nao wanaogopa. Lakini mfupa una tabia yake: usipopewa kazi, unapungua. Wale waliosafiri angani na kukaa huko bila uzito wa mwili, ingawa ni watu wenye afya na nguvu, hupoteza karibu sehemu 1 kwa 100 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Basi mama mzee aliyewekwa kitini tangu asubuhi hadi jioni atakuwaje? Mifupa itapungua, nyama za miguu zitalegea, na siku atakapoinuka kwenda nje usiku ataanguka ndani ya nyumba ile ile mliyomfungia ili asianguke.

Tena kuna jambo ambalo mizani ya hospitali haipimi. Mama ambaye haendi tena sokoni, haoni shamba lake, haketi pamoja na mama wenzake siku ya ibada, anaanza kukaa kimya. Hali vizuri. Hapati jua. Milima yetu ya Butembo ni mirefu, na si kila mama wa miaka 70 anaweza kuipanda na kuishuka kwa miguu akaenda na kurudi. Mkimnyima pikipiki, wengine wao mmewanyima kila kitu.

Madaktari wa wale wapandao farasi wamejifunza neno hili. Hawasemi kwa wote, "Acheni." Huuliza kwanza: Umekwisha kuvunjika? Mgongo wako ukoje? Farasi wako ni mpole au ni mkali? Unapanda kwa kuruka au kwa kukanyaga kibao? Nani yuko pamoja nawe? Kisha hutoa shauri kwa kila mtu kadiri ya hali yake. Na sisi tufanye vivyo hivyo.

WALE WAMPANDISHAO KAMA GUNIA

Sasa nageuka kwa upande wa pili. Kiti cha pikipiki kiko juu ya ardhi kwa karibu sentimeta 80. Watu husema, "Si juu sana." Lakini mfupa dhaifu hauhitaji kuanguka kutoka mbali. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka mzee Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alikuwa na miaka 98, tena mwenye mwili mzito. Hakuanguka kutoka kwa mnyama wala kutoka mtini. Alianguka kutoka katika kiti chake, na shingo ikavunjika. Sisemi ya kuwa Eli alikuwa na osteoporosi. Maandiko hayasemi hivyo. Nasema tu ya kuwa kwa mzee, kiti kinatosha.

Ongeza sasa mwendo. Pikipiki iendayo kilomita 15 kwa saa ikigonga ukuta, pigo lake ni kama la kuanguka kutoka urefu usiofika meta 1. Ikienda kilomita 30, ni kama kuanguka kutoka meta 3 na nusu, yaani kutoka juu ya paa la nyumba. Ikienda kilomita 40, ni zaidi ya meta 6. Mwendo ukiongezwa mara mbili, urefu wa kuanguka huongezeka mara nne. Kwa hiyo nasema ya kuwa kitu cha kwanza kinachomlinda mama mzee si kofia wala dawa, bali ni mwendo wa polepole.

Na si lazima aanguke. Gurudumu la nyuma likiingia shimoni kwa kasi, mtu huinuliwa na kurudishwa kwa nguvu juu ya kiti. Kijana hucheka. Lakini mfupa wa mgongo wenye matundu unaweza kubonyea kwa pigo hilo hilo, kama kopo la bati likanyagwalo. Mama atashuka akisema, "Mgongo umenichoma," na jamaa watafikiri ni uchovu wa njia.

Mnajua mfupa wa nyonga ukivunjika maana yake ni nini? Hata katika nchi zenye hospitali nyingi na mafundi wa upasuaji, karibu mzee 1 kwa 5 hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Hauawi na mfupa wenyewe. Huuawa na kulala: vidonda vya mgongoni, mapafu yaliyojaa, damu iliyoganda miguuni. Na wengi wa wale wanaopona hawatembei tena kama zamani. Katika nyumba ya mkulima, hilo ni shamba lililouzwa, na mjukuu wa kike aliyetolewa shuleni ili amhudumie. Basi haraka ya dakika kumi si bei ndogo.

NANI APANDE, NANI ASIPANDE

Mimi nawagawanya katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mama au baba mzee ambaye hajavunjika mfupa, hajapungua kimo, anainuka kitini bila kusukuma kwa mikono, na anatembea vizuri. Huyu apande, akishika sheria nitakazozitaja.

Fungu la pili ni yule aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, au aliyepungua kimo, au anayemeza prednisolone kwa muda mrefu. Huyu apande tu pale ambapo njia ni fupi na sawasawa, dereva anajulikana, na hakuna mvua. Safari ndefu asiende kwa pikipiki. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, tena kuna milima ya Kabasha katikati. Yafaa aende kwa gari, akae mbele na si juu ya gurudumu la nyuma, hata kama jamaa watasubiri siku mbili ili kukusanya nauli.

Fungu la tatu ni yule mwenye maumivu mapya ya mgongo, au ambaye mfupa wake bado unaungana, au ambaye hawezi kusimama bila kushikwa. Huyu asipande pikipiki kabisa. Abebwe kwa gari, au kwa kipoyi kama wazee wetu walivyobebana.

Nitasema neno kwa ajili ya ndugu zetu wa Beni. Tangu mwaka 2014 wengi wameacha vijiji vyao kwa sababu ya mauaji, wengine usiku, watatu au wanne juu ya pikipiki moja. Saa ya kukimbia mauti usihesabu sheria hizi. Uhai kwanza. Lakini mkiisha kufika mahali pa salama, mwulizeni mama mzee kuhusu mgongo wake na miguu yake, kwa maana mara nyingi wazee hunyamaza ili wasiwe mzigo.

SHERIA ZA KUPANDA

1. Chagua dereva kabla ya kuchagua bei. Mpanda farasi mwenye mifupa dhaifu hutafuta farasi mpole. Wewe tafuta kijana mpole. Usimwite mtu usiyemjua barabarani. Kila mtaa una kijana mmoja au wawili ambao watu wanawajua kwa utulivu wao, wasiokunywa pombe. Andikeni namba yake ya simu ukutani.

2. Mlipe kwa ajili ya polepole. Wengi wa vijana hawa tunaowaita motari hawana pikipiki yao wenyewe. Kila jioni wanapaswa kumpelekea mwenye chombo pesa zake, na kwa hiyo hukimbia ili wapate safari nyingi. Ukimwambia, "Polepole, mwanangu," bila kuongeza kitu, unamwomba aache chakula chake. Ongeza franga kidogo. Ni nafuu kuliko hospitali.

3. Panda ukiwa juu ya kitu. Dereva azime chombo, aweke miguu yake yote miwili chini. Mama asimame juu ya jiwe pana, ngazi ya nyumba au benchi imara, upande usio na bomba la moshi, na mtu amshike kiunoni. Asiruke wakati wa kupanda wala wa kushuka.

4. Kaa kama mwanaume akaavyo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Najua neno hili litawaudhi wengine kanisani. Tumezoea kuona mama wa heshima akikaa upande. Lakini akaaye upande hana cha kukumbatia kwa miguu; pikipiki ikiyumba, anaanguka chali au kwa ubavu, na kuanguka kwa ubavu ndiko kunakovunja nyonga. Heshima inaweza kulindwa kwa njia nyingine. Avae suruali nyepesi chini, na juu yake kikwembe kipana, kisha akifunge vizuri kisije kikaingia katika gurudumu. Mzee wa kanisa akimwona, asimcheke. Mama aliyekaa salama hajavunja adabu yoyote.

5. Kaa karibu na dereva, si nyuma juu ya chuma cha mizigo. Kadiri ulivyo nyuma ndivyo gurudumu linavyokurusha. Weka miguu juu ya vyuma vya kukanyagia. Shika kiuno cha dereva. Mgongo uwe wima. Usiiname mbele wakati wa kupita shimo, kwa maana mgongo ulioinama hubonyea upesi.

6. Mtu mmoja tu nyuma ya dereva, na mikono mitupu. Asipakate mtoto. Asibebe kitunga. Mzigo uende na safari nyingine, au apewe kijana wa chukudu.

7. Vaa kofia ngumu, ile tunayoiita kaske, na uifunge chini ya kidevu. Inalinda kichwa. Hailindi nyonga wala mgongo, basi usiifanye kuwa ruhusa ya kukimbia.

8. Kwenye shimo kubwa, daraja la miti au mteremko wenye matope, simama, shuka, vuka kwa miguu, kisha panda tena. Mvua ikinyesha, ngoja.

KAMBA YA MBUZI

Wapanda farasi wana sheria nyingine, nayo ni ya wakati wa kumwongoza mnyama kwa miguu: usizungushe kamba mkononi. Farasi akishtuka, kamba hukaza, na mtu huvutwa. Sheria hiyo twaweza kuichukua bila kubadilisha neno. Mbuzi wa kwetu si mkubwa, lakini akimwona mbwa huruka, na mama aliyezungusha kamba kwenye kifundo cha mkono huangushwa juu ya mkono ule ule. Shika kamba kwa kuikunja ndani ya kiganja, ili uweze kuiachia. Mbuzi atapatikana tena. Na ng'ombe, kama wale wa malisho ya Lubero, aongozwe na kijana; mama mwenye mifupa dhaifu asisimame kati yake na ukuta.

Na mzigo je? Mama zetu hubeba kuni na mihogo mgongoni, kwa kamba iliyopita juu ya paji la uso. Mzigo mzito wa namna hiyo huivuta shingo na kuukandamiza mgongo ulioinama. Sisemi mama asifanye kazi. Nimekwisha kusema ya kuwa mfupa unataka kazi. Lakini mwenye dalili nilizozitaja agawanye mzigo mmoja uwe safari tatu, aubebe karibu na mwili, apige magoti wakati wa kuuinua badala ya kuinamisha mgongo. Na kuni ziwe kazi ya wajukuu.

KUUJENGA UKUTA UPYA

Kupanda vizuri hakutoshi kama mfupa unaachwa ubomoke. Kila siku atembee, hata nusu saa kwa vipande vipande. Asimame na kuketi mara kumi bila kutumia mikono, huku mtu akiwa karibu. Ashike meza na kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Mazoezi hayo huimarisha miguu, na mguu imara hauanguki upesi.

Chakula cha mfupa kipo sokoni kwetu. Samaki wadogo wakavu wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chakula chema sana. Sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri, lengalenga, maharagwe, na maziwa kwa wale wanaoyapata, vyote husaidia. Jua nalo lina kazi yake: hutengeneza katika ngozi vitamini D, ambayo bila hiyo mwili hautumii vizuri madini ya chakula. Butembo ina asubuhi nyingi za baridi na ukungu, na mama mzee hujifunika tangu kichwani hadi miguuni. Ukungu ukiondoka, mtoeni nje, mikono na miguu ipate jua.

Ziko pia dawa za kupunguza ubomoaji wa mfupa. Moja huitwa alendronate. Kwa kawaida humezwa mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji safi, na mtu hukaa wima au husimama kwa nusu saa bila kulala, kwa sababu inaweza kuchoma koo. Haifai kwa kila mtu. Usiinunue bila kuonana na daktari.

AKIANGUKA

Kama mama ameanguka na hawezi kusimama, tazama mguu. Ukiwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, jua ya kuwa nyonga imevunjika. Usiuvute. Usiukande kwa mafuta. Usimpeleke kwanza kwa wale wanaounga mifupa kijijini; nyonga haiungwi kwa vijiti na majani. Weka nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, funga mguu mbovu pamoja na ule mzima, umlaze juu ya machela au mlango uliong'olewa, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na tafadhali, asibebwe juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Kama ni mgongo, asiketishwe. Abebwe akiwa amelala.

KWA JAMAA NA KWA KANISA

Wewe kijana uendeshaye, sikia. Umebeba mifupa iliyobeba mama yako. Kila mtaa una nafasi kwa dereva ambaye watu watasema juu yake, "Huyu ndiye wa wazee." Hilo ni jina jema, tena linaleta kazi.

Ninyi watoto na wajukuu, msingoje mama aombe. Juma hili mpimeni kimo chake ukutani, mweke alama na tarehe, mpime tena baada ya miezi sita. Mwulizeni kama amewahi kuanguka. Jueni yuko katika fungu gani.

Nanyi wazee wa kanisa, wekeni ngazi ya jiwe au benchi imara mlangoni, mahali pikipiki zinaposimama, na mtu wa kuwashika wazee mikono wakipanda na kushuka. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja kwa fundi mwashi mmoja. Kwa wale wa fungu la tatu, msiseme, "Mama fulani haji tena." Nendeni kwake, au peni jamaa yake nauli ya gari.

Na wewe mama mzee unayesomewa maneno haya na mjukuu wako: usione haya kusema "polepole," wala kumshusha dereva akikataa. Usione haya kukaa kwa namna ya kukulinda. Kama leo mvua imenyesha na njia inateleza, ngoja mpaka kesho.